Namna ya Kukadiria Umri wa Picha ya Behewa la Posta kwa Rangi na Maandishi Yake

Picha ya zamani ya behewa la posta mara nyingi humfikia mtu bila tarehe, bila jina la stesheni na bila neno lolote nyuma yake. Hata hivyo behewa lenyewe husema mengi kwa yeyote anayejua pa kutazama. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukadiria miaka ya picha hiyo kwa kusoma rangi iliyopakwa na maneno yaliyoandikwa ubavuni, na mifano yake mingi imetoka Uingereza na Marekani, nchi mbili ambako kazi ya kupanga barua ndani ya treni ilianza mapema, ikadumu zaidi ya miaka mia moja na kupigwa picha kwa wingi. Utawafaa wakusanyaji wa picha, wanaotengeneza treni ndogo za mfano, na pia wale wachache waliobahatika kuwa na behewa halisi la kukarabati.

Kanuni moja ndiyo inayobeba kazi yote, nayo ni hii: kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, rangi ilikuwa ya reli na maandishi yalikuwa ya posta. Kampuni ya reli ililijenga behewa, ikalitunza, na ikalipaka rangi ileile ya mabehewa yake ya abiria. Posta ililipia nafasi, ikaweka makarani wake ndani, na jina lake likaandikwa nje ili kila mtu ajue kwamba humo mna barua za serikali. Wenye mamlaka hao wawili hawakubadilisha mambo yao kwa wakati mmoja. Reli zikiungana, rangi hubadilika na maneno ya posta hubaki yalivyo; mfalme akifariki au idara ya posta ikivunjwa, maneno hubadilika na rangi hubaki. Kwa hiyo kila picha hukupa vipindi viwili vya miaka, na jibu hupatikana pale vipindi hivyo vinapopishana. Anayetazama rangi peke yake ametupa nusu ya ushahidi.

Kwanza, ijue picha kabla ya kulijua behewa

Wengi hukimbilia kutaja rangi wanapoona picha isiyo na rangi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Bamba za kupigia picha za karne ya 19 zilihisi mwanga wa buluu karibu peke yake. Baadaye zikaja zilizohisi kijani pia, lakini nyekundu bado hazikuiona. Matokeo yake ni kwamba katika picha za zamani rangi ya damu ya mzee hutokea nyeusi, manjano na dhahabu hufifia na kuwa kama kahawia iliyokolea, na buluu hutoka nyeupe au karibu nyeupe. Filamu zilizohisi rangi zote zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini zilichukua muda kuenea. Behewa jekundu na behewa la kahawia, likipigwa kila moja kwa bamba la zamani, huweza kufanana kabisa.

Kwa picha isiyo na rangi, basi, usiulize behewa lilikuwa na rangi gani. Uliza lilikuwa na rangi ngapi. Tazama kama sehemu ya juu, ile ya madirisha, ina mng'ao tofauti na sehemu ya chini. Tazama kama kuna mistari myembamba inayofuata kingo za paneli, na kama fremu za madirisha zimepakwa tofauti. Mambo hayo matatu hayadanganyi hata bamba likiwa kipofu kwa nyekundu, na mara nyingi yanatosha kutenga kampuni moja na nyingine. Herufi za dhahabu zilizoandikwa juu ya nyekundu zinaweza kutoweka kabisa kwenye bamba la namna hiyo, ila kivuli chake, yaani ule ukingo mweusi au mweupe ambao fundi aliuchora pembeni mwa kila herufi ili ionekane kama imeinuka, husalia. Piga skani picha kwa ukubwa wa juu kadiri inavyowezekana, ongeza tofauti ya mwanga na giza katika eneo la ubavu peke yake, kisha tafuta vivuli badala ya herufi.

Jihadhari pia na picha rasmi za kiwandani. Viwanda vya reli vilikuwa na desturi ya kupaka chombo kipya rangi ya kijivu isiyong'aa kwa ajili ya kamera, ili kila undani uonekane. Chombo kikitoka mbele ya kamera, kilirudishwa ndani kupakwa rangi yake ya kazi. Picha ya namna hiyo ni ushahidi mzuri wa umbo la herufi na mahali zilipokaa, lakini haisemi lolote kuhusu rangi.

Picha za rangi nazo zina hila zake. Picha nyingi za karatasi za katikati ya karne ya 20 zimefifia kwa namna isiyo sawa, zikaegemea upande wa wekundu, hivyo kijivu huonekana cha waridi na buluu huonekana ya zambarau. Slaidi za Kodachrome, filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, zimehifadhi rangi vizuri zaidi zikiwa zimekaa gizani. Tatizo kubwa kuliko yote kwa mabehewa ya posta ni kwamba kazi yao ilikuwa ya usiku. Picha iliyopigwa stesheni chini ya taa za sodiamu za manjano haiwezi kuaminiwa: chini ya taa hizo nyekundu huwa kahawia na buluu huwa nyeusi. Tafuta ndani ya picha kitu ambacho rangi yake inajulikana bila shaka, kama vile sanduku la posta la Uingereza au fulana ya usalama, na upime rangi ya behewa kwa kulinganisha na kitu hicho.

Uingereza: kutoka zambarau hadi nyekundu ya posta

Barua zilianza kupangwa ndani ya treni Uingereza mwezi Januari 1838, kwenye reli ya Grand Junction kati ya Birmingham na Liverpool, katika behewa la kubebea farasi lililogeuzwa kuwa ofisi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyozilazimu kampuni za reli kubeba barua. Tangu hapo hadi usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Januari 2004, treni za namna hiyo zilipofika kikomo, mabehewa hayo yalipita katika rangi nyingi, na mpangilio wake ndio ngazi yako ya kupandia.

Kabla ya mwaka 1923 kulikuwa na kampuni nyingi, kila moja na rangi yake. London and North Western ilipaka sehemu ya chini zambarau iliyokolea sana na paneli za juu nyeupe yenye dokezo la buluu, weupe ambao vanishi iliugeuza kuwa rangi ya malai kadiri miezi ilivyopita. Behewa namba 186 la mwaka 1885, lililojengwa kwa ajili ya njia ya magharibi kama mali ya ubia ya kampuni hiyo na ya Caledonian ya Uskoti, limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Taifa mjini York, nalo ndilo rejeo bora kwa kipindi hicho. Mwaka huo wa 1885 ndio treni ya West Coast Postal, kutoka London hadi Aberdeen, ilipoanza kwenda ikiwa na barua peke yake bila abiria. Midland ilitumia nyekundu iliyokolea. Baadhi ya reli za mashariki ziliacha mbao za msaji zilivyo, zikapaka vanishi tu, kwa hiyo katika picha utaona mistari ya mbao yenyewe.

Great Western inahitaji uangalifu wa pekee. Watu wengi hudhani kwamba kampuni hiyo ilishikilia kahawia chini na malai juu maisha yake yote. Sivyo. Kuanzia mwaka 1908 ilipaka kahawia tupu, mwaka 1912 ikahamia nyekundu iliyokolea, na mwaka 1922 ndipo iliporudi kwenye kahawia na malai. Picha ya behewa la posta la Great Western lisilo na paneli nyeupe juu imepigwa, kwa uwezekano mkubwa, ndani ya miaka hiyo kumi na minne au muda mfupi baadaye, kabla behewa halijafikiwa na mafundi. Ni kipindi kifupi, na ndiyo maana ni cha thamani sana kwa anayekadiria umri.

Tarehe 1 Januari 1923 kampuni ziliunganishwa kuwa nne. LMS (London, Midland and Scottish) ilirithi nyekundu ya Midland, LNER (London and North Eastern) ikaendelea na msaji, Southern ikatumia kijani, Great Western ikabaki na yake. Tarehe 1 Januari 1948 zote zikawa mali ya taifa, na kuanzia mwaka 1949 mabehewa ya njia kuu yakaanza kupata nyekundu chini na malai juu. Mwaka 1956 ikaja rangi ya damu ya mzee tupu. Mwaka 1965 reli ilitangaza sura mpya kabisa, buluu na kijivu, pamoja na mwandiko mpya uliobuniwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert. Kabla ya hapo, tangu reli zilipotaifishwa, mwandiko uliotawala ulikuwa Gill Sans. Tofauti ya miandiko hiyo miwili huonekana hata kwenye picha ndogo, hasa katika tarakimu.

Sasa tazama upande wa posta. Maneno "ROYAL MAIL" yalikaa ubavuni katika rangi zote hizo, na kati yake au kando yake ziliwekwa taji na herufi za mtawala, yaani zile zinazowakilisha jina lake. Hapa ndipo kanuni ya vipindi viwili inapofanya kazi. George VI alianza kutawala Desemba 1936 na alifariki tarehe 6 Februari 1952. Ukiona herufi zake juu ya rangi ya nyekundu na malai, rangi inakupa mwanzo wa 1949 na herufi zinakurudisha karibu na 1952. Nimesema karibu kwa makusudi, kwa kuwa hakuna aliyeamka asubuhi ya Februari 7 kwenda kufuta herufi kwenye kila behewa. Mafundi walisubiri zamu ya kupaka rangi upya, na zamu hiyo ilikuwa ya miaka, si ya miezi. Herufi za mtawala mpya zinathibitisha kwamba picha haikupigwa kabla yake. Herufi za mtawala wa zamani hazithibitishi kwamba picha haikupigwa baada yake.

Usipuuze vifaa vya ubavuni. Mabehewa mengi ya Uingereza yalikuwa na nyavu kubwa za kukunjwa zilizonasa mifuko kutoka kwenye nguzo za kando ya reli treni ikiwa katika mwendo kasi, na mikono ya chuma iliyoning'iniza mifuko ya kushushwa. Kazi hiyo ilifanyika kwa mara ya mwisho tarehe 4 Oktoba 1971. Picha ya buluu na kijivu yenye wavu uliofunguliwa kazini imefungiwa, basi, ndani ya miaka michache tu. Behewa namba 814 la Great Western, lililojengwa mwaka 1940, linatunzwa katika makumbusho ya reli ya Didcot likiwa na vifaa hivyo, na anayetaka kujua namna wavu unavyofunika maandishi ukikunjwa na unavyoyaacha wazi ukifunguliwa hatapata mfano bora zaidi.

Namba husema kuliko jina

Kama picha ni kali ya kutosha, acha kila kitu usome namba. Chukua M30204M, namba ya behewa la vifurushi vya thamani lililoporwa huko Buckinghamshire usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 1963, pale wezi walipoisimamisha treni ya posta iliyotoka Glasgow na kuondoka na takriban pauni milioni 2.6. Herufi M ya mbele inataja kanda ya reli ya taifa iliyolitunza behewa, yaani London Midland. Tarakimu tano za katikati ni namba ya orodha ya LMS. Herufi M ya nyuma inaeleza kwamba orodha hiyo ni ya LMS na si ya kampuni nyingine, jambo lililokuwa la lazima kwa sababu kampuni nne zilizounganishwa zilikuwa na namba zinazogongana. Herufi ya mbele haikuwepo kabla ya reli kutaifishwa, na ya nyuma iliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo namba yenye herufi pande zote mbili haitoki kabla ya hapo, hata kama behewa lenyewe ni la zamani zaidi.

Mabehewa yaliyojengwa na reli ya taifa yenyewe kuanzia mwaka 1959 hadi 1977 hayana herufi ya nyuma, kwa kuwa namba zake zilikuwa mpya. Zinazoanza na 803 ni za mabehewa ya kupangia barua, na zinazoanza na 804 ni za mabehewa ya kuhifadhia mifuko. Zile za kwanza zina madirisha machache na yaliyo juu, kwani ukuta wa ndani ulijaa visanduku vya kupangia. Za pili zina milango mipana. Katika miaka ya 1980 herufi ya mbele nayo iliachwa, na hiyo ni alama nyingine ndogo ya wakati.

Marekani: reli nyingi, maneno yaleyale

Huduma ya kupanga barua treni ikiwa safarini ilianza rasmi Marekani tarehe 28 Agosti 1864, kati ya Chicago na Clinton, Iowa, chini ya usimamizi wa George B. Armstrong. Maneno ya kawaida ubavuni yalikuwa "UNITED STATES MAIL" na "RAILWAY POST OFFICE", na yalidumu kwa namna ya kushangaza. Marekani haikuwa na mfalme wa kubadilisha herufi zake, kwa hiyo maneno ya posta hayakusaidii sana kujua mwaka. Kinachokusaidia ni mahali yalipokaa. Idara ya posta ilipanga nafasi kwa vipimo vitatu: behewa zima la futi 60, na vyumba vya futi 30 na futi 15 ndani ya mabehewa yaliyobeba pia mizigo au abiria. Maneno yakiwa yamekaa juu ya sehemu moja tu ya ubavu, hiyo ndiyo sehemu ya posta, na mkono wa chuma wa kunasia mifuko utaukuta mlangoni hapohapo. Pima upana wa sehemu hiyo kwa kutumia upana wa mlango kama kipimo, na utajua chumba ni cha aina gani.

Behewa lililoandikwa jina la reli na neno la mizigo peke yake, hata kama lilijaa mifuko ya barua hadi darini, si ofisi ya posta. Hilo lilikuwa ghala linalotembea, halikuwa na karani ndani, na wengi hulichanganya na lile la kupangia barua.

Upande wa rangi, sura ya kwanza ya kuvutia ni ile ya treni ya posta ya Fast Mail, iliyoanza tarehe 16 Septemba 1875 kati ya New York na Chicago. Mabehewa yake yalipakwa nyeupe na kurembwa kwa dhahabu, yakapewa majina ya magavana wa majimbo. Nyeupe, katika zama za injini za makaa ya mawe! Ulikuwa uamuzi wa kujionyesha, na huduma yenyewe haikumaliza hata mwaka, kwani ilisitishwa Julai 1876 baada ya Bunge kupunguza malipo. Ukiona picha halisi ya mabehewa hayo meupe, una kipindi cha miezi kumi tu cha kuhangaikia.

Baada ya hapo nchi ilizama katika kijani iliyokolea, ile iliyoenezwa na kampuni ya Pullman, pamoja na herufi za dhahabu. Kampuni ya reli ya Pennsylvania ilijitenga kwa nyekundu yake ya kahawia, ila katika picha isiyo na rangi hutaitambua kwa hilo. Rangi zilianza kuchangamka tena treni mpya za miaka ya 1930 na 1940 zilipoingia: Union Pacific kwa manjano yenye herufi nyekundu, Great Northern kwa rangi ya chungwa na kijani, Santa Fe kwa chuma kisichopakwa rangi kabisa. Mwaka 1953 Northern Pacific ilipokea kijani mbili zilizobuniwa na Raymond Loewy. Milwaukee Road, iliyojulikana kwa rangi ya chungwa na damu ya mzee, ilichukua manjano ya Union Pacific mwaka 1955, ilipopewa kazi ya kuvuta treni za kampuni hiyo kuingia Chicago. Behewa lake la posta likiwa la manjano, basi, picha si ya kabla ya 1955, ingawa la chungwa laweza kuwa la baadaye.

Kuna mtego mmoja hapa. Mabehewa ya posta yalivuka mipaka ya kampuni kuliko mabehewa ya kawaida, kwa sababu njia ya barua haikulazimika kuishia pale reli ya kampuni moja ilipoishia. Treni ya kijivu yenye behewa moja la manjano katikati haijapangwa na mlevi. Soma jina lililoandikwa kwenye behewa lenyewe, si kwenye injini.

Mwisho wa huduma hiyo nao ni rahisi kuutumia. Mikataba mingi ya posta na kampuni za reli ilifutwa mwaka 1967, na njia ya mwisho, New York hadi Washington, ilifungwa tarehe 30 Juni 1977. Kampuni ya Penn Central ilianza tarehe 1 Februari 1968. Behewa lenye alama za Penn Central na bado lina maneno ya ofisi ya posta ubavuni linatoka, kwa hiyo, kwenye zile njia chache zilizosalia. Lakini angalia kama maneno hayo yamepakwa juu kwa rangi mpya na yanaonekana kwa kupenya tu. Mikataba ilipokwisha, mabehewa mengi yalifutwa maandishi kwa haraka na kutumiwa kwa mizigo.

Pale posta ilipochagua rangi

Kanuni ya reli na posta ina mipaka, na ni vyema kuijua. Ujerumani mabehewa yalikuwa mali ya posta yenyewe, lakini kwa muda mrefu yalipakwa kijani sawa na ya abiria, hivyo maandishi ndiyo yaliyotenganisha. Baada ya vita, behewa la Magharibi liliandikwa jina la Deutsche Bundespost na la Mashariki jina la Deutsche Post. Neno moja ubavuni linakuambia behewa lilikuwa upande gani wa mpaka. Huduma hiyo ilikoma Mei 1997.

Ufaransa, treni za kasi za posta zilizoanza Oktoba 1984 kati ya Paris na Lyon zilipakwa manjano ya posta kutoka mwanzo hadi mwisho, wakati zile za abiria zilikuwa za rangi ya chungwa. Ziliondolewa tarehe 27 Juni 2015. Uingereza ilifuata njia hiyo mwaka 1986, mabehewa ya buluu na kijivu yalipoanza kugeuzwa kuwa mekundu yenye maandishi ya manjano, rangi za magari ya barua ya barabarani. Tangu hapo rangi na maandishi vilitoka kwa bwana mmoja, na faida ya vipindi viwili ikapungua. Kwa picha za baada ya 1986 itakubidi utegemee mambo ya nje ya behewa: injini, mavazi ya makarani, mabango ya stesheni.

Behewa halisi likiwa mbele yako

Anayekarabati behewa ana ushahidi ambao mwenye picha hana, kwa maana rangi za zamani bado zipo chini ya mpya. Kabla ya kugusa chochote, vaa barakoa inayozuia vumbi laini na ukwangue kwa maji, kamwe si pakavu, kwani rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Chagua mahali palipofichika, kama nyuma ya kibao cha chuma, chini ya bawaba au ndani ya ukingo wa mlango, kwa sababu sehemu zilizo wazi huenda zilikwanguliwa hadi kwenye mbao au chuma katika matengenezo yaliyopita. Kwa msasa uliolowa, sugua duara dogo, ukilipanua kidogo kila unapofikia rangi nyingine, mpaka upate pete zinazofuatana kutoka rangi mpya zaidi nje hadi ya kwanza katikati. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Tabaka lisilong'aa ni la chini, lililopakwa kuandaa uso. Tabaka lenye vanishi na ukungu mwembamba wa masizi juu yake ndilo lililosafiri. Kosa la kuhesabu rangi ya maandalizi kama rangi ya kazi limezaa mabehewa mengi ya kijivu cha waridi ambayo hayakuwahi kuwapo. Lowesha sehemu hiyo unapolinganisha rangi, katika mwanga wa mchana wa kivulini, na ukumbuke kwamba vanishi ya zamani huongeza manjano katika kila kitu.

Kwa maandishi, subiri giza. Shika tochi karibu kabisa na ubavu, mwanga ukipita sambamba na uso wake, na usogee polepole. Herufi zilizopakwa juu mara nyingi bado zimeinuka kwa unene wa nywele, na kingo zake zitatupa vivuli. Mahali palipokuwa na dhahabu, rangi ya chini ilikingwa dhidi ya jua na huwa imekolea kuliko iliyoizunguka. Bandika karatasi inayopenyeza mwanga, chora kingo tu bila kujaza herufi, na upime urefu kutoka alama mbili zisizosogea, kama vile ukingo wa chini wa paneli na mhimili wa mlango. Usikamilishe herufi iliyopotea kwa kubuni. Tafuta herufi ileile mahali pengine katika maneno hayohayo. "ROYAL MAIL" ina A mbili na L mbili, na maneno marefu ya Kimarekani yanarudia herufi kadhaa.

Unapoandika matokeo nyuma ya picha au katika daftari la ukarabati, weka kila kipindi na sababu yake: rangi inaruhusu kuanzia mwaka huu hadi huu, herufi za mtawala kuanzia huu, namba kuanzia huu, wavu kabla ya huu. Tumia penseli laini upande wa nyuma, kwenye ukingo, isije ikachapa alama kwenye picha. Kisha andika mwaka wa mapema zaidi na wa mwisho kabisa unaoweza kutetewa, na kama hivyo viwili vimeachana kwa miaka ishirini, viache viachane hivyohivyo.